Aliacha shule akiwa na miaka 15, leo Bonde la Ufa lina jina lake

Kamusi itakuambia kware ni ndege. Bila shaka unamkumbuka. Mwaka wa 2013 kuelekea 2014 mayai yake yaliuzwa Nairobi kama dawa ya kila kitu, watu wakajenga vizimba hadi nyuma ya keja, halafu bei ikaanguka na kila mtu akanyamaza. Lakini kama unaishi Embakasi, upande ule wa Pipeline na Mukuru kwa Njenga, unajua vizuri kwamba jina la mtaa wetu halina uhusiano na ndege. Kware ni machimbo ya mawe. Neno lilikuja na Kiingereza, likapita kwenye midomo ya watu wa mjengo, likatoka likiwa letu.

Tatizo ni kwamba ukitafuta jina hilo kwa simu, unaletewa maafa tu. Juni 2017 jengo la ghorofa saba lilianguka hapa Kware Pipeline usiku. Julai 2024 miili ya watu ikatolewa kwenye machimbo yaliyoachwa wazi na kugeuzwa jaa, nchi nzima ikatujua kwa hilo. Siwezi kukuambia usahau mambo hayo, kwa sababu sisi wenyewe hatujasahau. Ila leo nataka tuongee kuhusu kitu kilichokuwepo kabla ya jaa, kabla ya ploti, hata kabla ya Nairobi yenyewe: mawe. Na kuhusu jamaa mmoja aliyeyasoma zaidi ya miaka 130 iliyopita, ambaye maisha yake yanatuhusu kuliko unavyodhani.

Jamaa anaitwa John Walter Gregory. Ukisikia wanajiolojia wakitaja Ufa wa Gregory, wanamaanisha bonde lile lile unaloliona ukielekea Naivasha, pale magari yanaposimama watu wapige picha na kununua mablanketi ya Kimaasai. Lina jina lake mpaka leo.

Mtoto wa mashariki

Gregory alizaliwa Januari 1864 huko Bow, mashariki mwa London. Kama wewe ni wa Eastlando, unajua maana ya kuzaliwa upande wa mashariki ya mji mkubwa. London nayo ilikuwa na mashariki yake: bandari, viwanda, moshi, nyumba zilizobanana. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu, kwa hivyo usinielewe vibaya, hakulala njaa. Lakini akiwa na miaka 15 shule iliisha. Akawa karani kwenye biashara ya sufu mjini.

Hapo ndipo hadithi za watu wengi huishia. Ukipata kazi, unashukuru, unaendelea na maisha. Lakini Gregory alikuwa na ugonjwa wa mawe. Alitaka kujua yametoka wapi na kwa nini yamelala vile yalivyolala. Mchana alikuwa karani, na jioni alikuwa akienda darasani Birkbeck.

Shika jina hilo, Birkbeck, tutalirudia. Ilianzishwa mwaka wa 1823 kama chuo cha mafundi na wafanyakazi wa London, watu ambao mchana hawakuwa na nafasi. Masomo yalikuwa ya jioni. Ukitoka kazini na mikono michafu, unaingia darasani.

Mwaka wa 1887 Gregory alipata kazi ya msaidizi wa jiolojia kwenye jumba la makumbusho la London linalohifadhi visukuku, mawe na wanyama. Digrii ya kwanza aliipata mwaka wa 1891 kutoka Chuo Kikuu cha London, na ya udaktari wa sayansi mwaka wa 1893. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka siku alipoacha shule mpaka digrii ya kwanza ni kama miaka 12. Mimi niliishia semista ya nne chuoni, karo ikakataa, kwa hivyo najua watu wanavyopenda kutupatia mifano ya matajiri walioacha chuo wakatoboa kwa miaka miwili. Huyu si wa aina hiyo. Huyu alisoma polepole, usiku, miaka 12, na hakuna mtu aliyemwandika gazetini wakati huo.

Msafara uliovunjika, na wa pili

Mwisho wa 1892 alikuja pwani ya Afrika Mashariki na msafara mkubwa wa Waingereza uliotaka kufika Ziwa Rudolf, ambalo leo tunaliita Turkana. Msafara huo ulivunjika mapema. Wengine wangepanda meli warudi nyumbani. Gregory akaenda Mombasa, akatafuta wapagazi kama 40, na Machi 1893 wakaanza kutembea.

Kuelewa uzito wa hiyo safari, futa kichwani kila kitu unachokijua. Hakuna reli. Hakuna Nairobi, kwa sababu Nairobi ilianza 1899 reli ilipofika. Walitoka pwani kwa miguu, wakapitia Ukambani, wakavuka tambarare za Athi, zile zile ambazo Embakasi imekaa pembeni yake, wakapanda Kikuyuni, wakashuka bondeni hadi Naivasha na Baringo, kisha wakazunguka kupitia Laikipia hadi Mlima Kenya, halafu wakarudi. Miezi mitano hivi. Na nchi waliyoipita ilikuwa imeumia: sotoka ilikuwa imetoka tu kufyeka ng'ombe wa Wamaasai, ndui nayo ikafuata kwa watu.

Alikuwa akitafuta nini? Mwanajiolojia wa Austria, Eduard Suess, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikuwa ameandika mwaka wa 1891, kutokana na mawe na ramani za wasafiri, kwamba Afrika Mashariki ina mstari mrefu wa mabonde yaliyotokana na ardhi kupasuka. Gregory alitaka kuona kwa macho yake. Alienda na nyundo.

Jaribu hii na vitabu

Swali lilikuwa hivi: bonde kubwa namna ile lilitokeaje? Jibu la haraka ni mto, kwa sababu mito huchimba mabonde. Lakini mto hukata kwa kupindapinda na kuacha kingo zilizolika. Kingo za bonde letu zimesimama kama ukuta, zinakwenda sambamba kwa mamia ya kilomita, na mahali pengine zinashuka kwa ngazi, ngazi moja baada ya nyingine. Sakafuni kuna maziwa kama Nakuru, Elementaita na Bogoria, ambayo hayana mto wa kutoa maji kwenda baharini.

Sasa chukua vitabu vitano, visimamishe, vibane katikati ya viganja vyako viwili uviinue juu. Halafu legeza viganja kidogo, taratibu. Vile vya katikati vinateleza chini, vya pembeni vinabaki juu. Hapo umetengeneza Bonde la Ufa. Ardhi ilivutwa pande mbili, ikapasuka mistari miwili mirefu, na kipande cha katikati kikazama.

Gregory ndiye aliyelipa umbo hilo jina lake la Kiingereza, na kitabu chake cha mwaka wa 1896, The Great Rift Valley, kikalisambaza duniani. Sisi kwa Kiswahili tukasema ufa, neno lile lile la ukuta wa nyumba unaopasuka. Mwenye nyumba yeyote wa Kware anajua ufa ni nini.

Na Kware inaingia wapi? Ardhi ilipokuwa ikivutika na kupasuka, moto wa chini ulipata njia. Volkano zikatapika kwa mamilioni ya miaka, na lava na majivu yake yakafunika eneo ambalo leo ni Nairobi, tabaka juu ya tabaka. Lava ikaganda ikawa jiwe gumu la kijivu. Aina moja inaitwa fonolaiti, jina lenye maana ya jiwe la sauti, kwa sababu kipande chake kizuri ukikigonga kinalia kama chuma. Majivu nayo yakashikana yakawa jiwe laini zaidi ambalo fundi anaweza kulichonga liwe tofali la pembe nne. Kwa hiyo ghorofa unazoziona Eastlando zimetokana na volkano, na kware zote za Nairobi ni mahali ambapo binadamu alirudi kuchimba kilichomwagwa na ufa.

Maji yaliyorogwa

Kuna kisa ambacho Gregory alikisimulia kutoka Mlima Kenya. Walipanda hadi kwenye baridi kali. Asubuhi wapagazi wakaja mbio kumwambia maji kwenye sufuria yamerogwa. Yamekuwa meupe, hayatikisiki, mmoja ameyagonga kwa fimbo na fimbo haikuingia. Akawaambia dawa ni kuyaweka motoni. Yakayeyuka, wakafurahi, wakasema pepo ametoka. Lakini alipogeuza mgongo tu waliyamwaga yote, wakaenda kuchota mengine kwenye kijito.

Wazungu waliosoma kisa hicho walicheka. Mimi nikikisoma namwona mtu wa pwani, aliyezoea joto la Zanzibar na Mombasa, amebeba mzigo wa kilo kama 30 kichwani kutoka usawa wa bahari hadi karibu na barafu, bila nguo za baridi za maana, na bado alifanya jambo la kisayansi kabisa: aliona kitu asichokijua, akakigonga kwa fimbo kuona kitafanya nini. Hiyo ndiyo kazi ya Gregory na nyundo yake. Tofauti ni kwamba huyu hakuwa na Birkbeck ya kwenda jioni, na yule alikuwa nayo.

Juu ya mlima Gregory aliona jambo lingine. Alikuta alama za barafu chini zaidi ya pale barafu ilipokuwa ikiishia wakati huo, akajua kwamba zamani ilikuwa kubwa zaidi na imekuwa ikirudi nyuma. Akaupa mmoja wa mito ya barafu jina Lewis. Baadaye mwingine ukapewa jina lake, Gregory. Ukipanda leo huwezi kuuona wa Gregory, umeyeyuka wote. Na wa Lewis umebaki kipande.

Asichokisoma

Ningeweza kuishia hapo nikuachie shujaa. Lakini ningekudanganya.

Gregory alipanda sana maishani. Alikuwa profesa Melbourne kuanzia 1900, halafu Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Mwaka wa 1919 alirudi Kenya, na huko Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, akaona shoka za mawe za watu wa kale sana. Baadaye Louis na Mary Leakey walichimba hapo miaka ya 1940, na leo ni makumbusho ya wazi ambayo unaweza kuenda na kurudi Nairobi siku moja. Yaani huyu jamaa alishika mikononi ushahidi kwamba watu wa huku walikuwa mafundi wa mawe mamia ya maelfu ya miaka iliyopita.

Halafu mwaka wa 1925 akatoa kitabu, The Menace of Colour, akitetea watu weupe na weusi wakae mbalimbali na wasichanganyike. Soma hiyo tena. Mtu aliyebebewa kila kitu na watu weusi, aliyelishwa nao, aliyerudishwa pwani salama nao, akaandika hivyo. Unaweza kuwa na macho makali ya kuona kilichotokea chini ya ardhi kabla ya binadamu kuwepo, na usimwone aliyesimama mbele yako na mzigo wako kichwani.

Alikufa Juni 1932 akiwa na miaka 68, bado akiwa safarini. Mtumbwi wake ulipinduka kwenye mto Urubamba huko Peru akazama. Ukimhukumu, mhukumu kwa yote mawili, ramani aliyotuachia na kitabu kile.

Kwa nini ukasome mawe

Utaniuliza, mimi na kodi yangu ya mwezi, jiolojia itanisaidia nini?

Anza na stima. Zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya unatoka kwenye mvuke wa ardhini, hasa Olkaria karibu na Naivasha. Mvuke huo upo kwa sababu ya ule ufa. Moto wa chini uko karibu na juu. Ukinunua tokeni usiku, sehemu ya hela yako inalipia volkano.

Halafu kumbuka Machi 2018, ardhi ilipopasuka karibu na Mai Mahiu barabara ikakatika, na mitandao ikajaa habari kwamba Afrika inagawanyika wiki hiyo hiyo. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu laini ya volkano yaliyojaa kwenye nyufa za chini. Afrika inagawanyika kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Anayejua hilo hatishwi na kila video anayotumiwa.

Na zaidi ya yote, ardhi ya hapa hapa. Juu ya lile jiwe letu gumu kuna udongo mweusi, ule unaonasa gambuti zako msimu wa mvua. Udongo huo hufura ukinywa maji na hunywea ukikauka, mpaka unapasuka. Ukijenga juu yake bila kuchimba kufikia jiwe, nyumba inapanda na kushuka na misimu hadi kuta zinachanika. Sisemi ndicho kilichoangusha jengo la 2017. Nasema mtu anayelala ghorofa ya sita ana haki ya kujua amelalia nini. Na shimo la kware likiachwa bila kujazwa wala kuzungushiwa ua, hujaa maji, kisha takataka, kisha watoto huzama humo, kisha tunaona tuliyoyaona 2024. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta na ufa bado uko pale pale.

Sasa turudi Birkbeck. Watu wakisimulia maisha kama ya Gregory husema ni bidii. Bidii ilikuwepo, sikatai. Lakini mtaani kwetu bidii imejaa tele. Mama anayeponda kokoto kutwa nzima kwa nyundo ana bidii kuliko profesa yeyote. Kijana anayebeba mawe mjengoni anajua kwa kuyashika tu lipi litapasuka na lipi litakaa, na hakuna anayemwita mwanajiolojia. Kilichomtofautisha Gregory na mpagazi wake, na karani mwenzake aliyebaki karani, ni kwamba kulikuwa na mlango ulio wazi jioni, kwa bei ambayo mshahara wa karani ungeweza kulipa, na aliyeingia hakuulizwa kwa nini aliacha shule.

Sisi milango hiyo tunayo michache. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara zipo, na kama hujawahi kuingia, nenda. Lakini mtu anayetoka kazi saa kumi na moja jioni, na vumbi la mawe kwenye nywele, anahitaji zaidi ya rafu za vitabu. Anahitaji darasa la jioni la karibu na nyumbani na la bei ya mtu wa mjengo, na njia ya kurudi nyumbani salama likiisha. Mwanasiasa akija Kware kutuomba kura, tumzoea kumwomba barabara na maji. Mwombe na hilo.

Wakati unangoja, kuna darasa moja la bure. Ukipita mahali wanapochimba msingi, simama kidogo, salimia mafundi, uchungulie shimo. Utaona udongo mweusi juu, halafu unabadilika rangi, halafu jiwe. Waulize wamechimba futi ngapi kabla ya kulifikia. Wakikujibu, umejua kitu cha maana kuhusu jengo hilo. Wakikuambia hawajalifikia na tayari wanamwaga zege, usikubali kupangisha nyumba humo.